Leon Benois: mchoraji wa majengo kutoka ukoo wa wasanii wa Urusi

Leon Benois, ambaye Warusi wanamwita Leonty Nikolaevich, alizaliwa mwaka 1856 na akafariki mwaka 1928 mjini Leningrad, mji ambao leo umerudia jina lake la zamani la Saint Petersburg. Alikuwa arshitekti, yaani mtu wa kuchora na kusimamia ujenzi wa nyumba kubwa, makanisa na hospitali. Alikuwa pia mwalimu, na wanafunzi wake ndio waliojenga sehemu kubwa ya Urusi ya kisovieti.

Jina Benois si la Kirusi. Ni la Kifaransa. Babu yake, Louis Jules Benois, aliikimbia Ufaransa kunako mwaka 1794, wakati wa mapinduzi, akaingia Urusi akiwa fundi wa keki. Alifanya kazi kwenye jikoni la mfalme, akaoa, akazaa watoto wengi. Toka kwa mpishi huyo ukoo ukageuka. Mtoto wake Nicholas akawa arshitekti wa jumba la mfalme. Ndiye aliyechora mazizi ya farasi wa mfalme kule Peterhof pamoja na gare ya treni ya mji huo.

Upande wa mama nao haukuwa na usingizi. Mama yake, Camilla, alikuwa binti wa Alberto Cavos, yule aliyejenga tena ukumbi wa Bolshoi mjini Moscow baada ya kuungua na moto, na ukumbi wa Mariinsky mjini Saint Petersburg. Baba ya Alberto huyo, Catterino Cavos, alikuwa mtunzi wa muziki aliyetoka Venezia. Basi watoto wakakua kati ya rangi, karatasi na muziki. Kaka yake Leon, Albert, akawa mchoraji wa rangi za maji. Mdogo wao wa mwisho, Alexandre, ndiye anayejulikana zaidi duniani, kwa ajili ya picha zake na mapambo ya jukwaa. Dada yao Ekaterina aliolewa na mchonga sanamu, na binti yake Zinaida Serebriakova akawa mmoja wa wanawake wachoraji wakubwa wa Urusi. Ndani ya nyumba kama hiyo, kusema unataka kuwa karani ndiyo ingekuwa ajabu.

Leon alisoma kwenye Akademia ya Sanaa ya Saint Petersburg, akamaliza mwaka 1879 na medali ya dhahabu. Kazi zikaanza kuja. Ukoo wao ulikuwa wa Kikatoliki, lakini tsar na kanisa la Kiortodoksi walimwamini. Alimalizia jengo la makaburi ya jamaa ya mfalme ndani ya ngome ya Petro na Paulo, kazi ambayo wengine waliianza. Kule Darmstadt, Ujerumani, mji wa kwao na mke wa Tsar Nicholas wa Pili, alijenga kanisa dogo la Maria Magdalena kati ya mwaka 1897 na 1899, ili mfalme apate fasi ya kusali anapotembelea bamkwe wake. Udongo wa kuweka chini ya kanisa hilo uliletwa na treni toka Urusi. Kwa Wakatoliki wenzake hakusahau: kanisa la Mama Yetu wa Lourdes, la Wafaransa wa Saint Petersburg, ni kazi yake akishirikiana na mwanafunzi wake Peretyatkovich.

Kazi yake kubwa kuliko zote ndiyo iliyopotea. Wakati ule sehemu kubwa ya Polandi, pamoja na Warszawa, ilikuwa chini ya Urusi. Serikali ya tsar iliamua kujenga katedrali ya Kiortodoksi katikati ya mji huo wa Wakatoliki, kwenye kiwanja kikubwa cha Saxon. Benois alichora katedrali ya Alexander Nevsky, ikiwa na mnara wa kengele wa mita 70 hivi, mrefu kuliko kila kitu pale mjini. Ujenzi ulianza mwaka 1894, ukaisha mwaka 1912. Ndani mlikuwa na mozaiki na nguzo za mawe ya thamani. Shida ilikuwa fasi iliposimama, na mtu aliyeagiza isimame pale. Kila Mpolandi aliyepita aliinua macho akaona nani anatawala.

Mwaka 1918 Polandi ikapata uhuru. Mabishano yakaanza: wengine walisema ni nyumba ya Mungu na ni kazi ya sanaa, iachwe, wengine walisema ni alama ya utumwa. Hawa wa pili ndio walioshinda. Katikati ya miaka ya 1920 katedrali ilivunjwa, kidogo kidogo kwa baruti, kwa sababu kuta zake zilikuwa nzito sana. Haikuwa imetimiza miaka 15 tangu kumalizika. Vipande vya mozaiki viliokolewa na kupelekwa kanisa lingine la Kiortodoksi mjini humo, na nguzo zake zikapelekwa Krakow, ambako leo zinapamba mlango wa kaburi la marshal Piłsudski, kiongozi wa Polandi huru. Benois alikuwa bado hai wakati baruti zinalia.

Jengo lake lenye faida zaidi kwa watu wa kawaida ni lingine kabisa: maternite. Kati ya mwaka 1899 na 1904 alijenga, kwenye kisiwa cha Vasilievsky mjini Saint Petersburg, chuo na hospitali ya wakunga kwa daktari Dmitry Ott, bingwa wa magonjwa ya wanawake. Hospitali hiyo ina jina la Ott na inafanya kazi mpaka leo. Wakatoliki, Waortodoksi, wasiosali, wote wamezaliwa mule, na hakuna aliyewahi kutaka kuivunja.

Alijenga pia nyumba za kupangisha. Ile ya kampuni ya asiransi kwenye barabara ya Kamennoostrovsky, aliyoifanya pamoja na jamaa wa ukoo wake kati ya 1911 na 1914, ilikuwa na fasi nzuri ya starehe kwa matajiri. Baada ya mapinduzi wakaingia wakubwa wapya. Sergei Kirov, kiongozi wa chama mjini Leningrad aliyeuawa mwaka 1934, alikaa mule, na nyumba yake sasa ni makumbusho.

Kuna tena habari ya picha, na hiyo ndiyo iliyopeleka jina Benois mbali kuliko majengo. Mke wake, Maria Sapozhnikova, alitoka kwenye jamaa ya wafanyabiashara wa Astrakhan, na kutoka kwao ilikuja picha ndogo ya Bikira Maria na Mtoto Yesu. Nyumbani walisimulia kwamba mababu waliinunua kwa wanamuziki Waitalia waliokuwa wakizunguka. Hadithi tamu, lakini karatasi za jamaa zinasema nyingine: ilitoka kwa jenerali Korsakov, mwaka 1824. Ilipoonyeshwa watu mwaka 1909, wataalamu wakasema ni mkono wa Leonardo da Vinci. Wanunuzi wa ng'ambo wakaanza kupiga hodi, mmoja wao Joseph Duveen wa London. Mwaka 1914 ikauzwa kwa makumbusho ya Hermitage kwa rubli 150,000, pungufu ya kile Duveen alichotaka kutoa, na ikabaki Urusi. Mpaka leo inaitwa Madonna Benois.

Kama mwalimu, Leon aliongoza Akademia mara mbili, mara ya pili mpaka mwaka wa mapinduzi, 1917. Yeye hakukimbia. Mdogo wake Alexandre na binti yake mmoja, Nadia, waliondoka. Yeye akabaki kufundisha. Mwanafunzi wake Alexei Shchusev ndiye aliyechora kaburi la Lenin mjini Moscow. Mwingine, Lev Rudnev, alichora Jumba la Utamaduni na Sayansi la Warszawa, zawadi ya Wasovieti iliyomalizika mwaka 1955. Wapolandi wengi hawakulipenda, kwa sababu ileile iliyowafanya wachukie katedrali ya mwalimu wake. Hilo lingali limesimama.

Nadia alikuwa mchoraji, akaolewa na mwandishi wa habari Jona von Ustinov, ambaye bibi yake alikuwa na asili ya Kiethiopia. Mtoto wao ni Peter Ustinov, mchezaji wa filamu, aliyekuwa pia balozi wa UNICEF tangu mwaka 1968. Na kule Peterhof, tangu mwaka 1988, kuna makumbusho ya ukoo mzima wa Benois, kuanzia kwa yule fundi wa keki.