Ufisadi: Safari ya Neno Moja



Juma hili tulitafakari neno ambalo halikauki midomoni mwetu: ufisadi. Asili yake ni Kiarabu, fasad, yaani kuharibika au kuoza. Hapo kale fisadi hakuwa mla fedha za umma. Alikuwa mwasherati, mpotoshaji wa wake na mabinti za watu. Ndiyo maana Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, katika Wagalatia 5:19, inalitaja neno hili sambamba na uasherati na uchafu.

Uovu wa ofisini uliitwa rushwa. Tume ya Jaji Warioba, iliyotoa ripoti yake mwaka 1996, ilichunguza rushwa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, hata Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Jina lilikuwa la heshima, lakini kura iliendelea kununuliwa.

Kisha, tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa, Mbunge wa Karatu wakati huo, alisoma hadharani orodha ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Tangu hapo maana mpya ya neno hilo ilienea sokoni na ndani ya daladala, na ile ya zamani ikafifia.

Hata hivyo, maana hizo mbili ni ndugu. Mzinzi huvunja uaminifu wa nyumba. Mla mali ya umma huvunja uaminifu wa taifa. Wote wawili hugusa kisicho chao, na wote hutenda gizani.

Hatari yetu leo ni kugawa majina. Cha wakubwa tunakiita ufisadi; chetu tunakiita chai, asante au bahasha. Lakini mama mjamzito asiye na hiyo "chai" hupitwa kwenye foleni, na kwake uchungu ni uleule. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hawakusema awe mkubwa.

Yohane Mbatizaji hakuwaambia watoza ushuru waache kazi. Aliwataka wasitoze kupita kiwango walichopangiwa (Lk 3:13). Basi nasi, kabla ya kumtaja fisadi wa mbali, tukipe cha kwetu jina lake halisi.