Mkate wa Wishwa: Historia ya Mapishi Yasiyoandikwa

Katika hadithi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhammad Kijumwa wa Lamu aliitungia utenzi mwaka 1913, shujaa yumo gerezani na mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa mjakazi wao, Saada. Kila chakula kizuri kinapofika mlangoni, walinzi hukitwaa wakakila wenyewe. Ndipo Liyongo alipompelekea mama yake ujumbe kwa mafumbo: amwokee mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Mkate ukaletwa. Walinzi wakautazama, wakaucheka, wakampa mfungwa. Kwa tupa ile minyororo ikakatika.

Aghalabu hadithi hii husimuliwa kwa ajili ya ushujaa wa Liyongo na ufasaha wake. Ni nadra kukumbukwa kwamba wokovu wake ulitoka jikoni, tena ulitoka katika chakula duni kuliko vyote. Historia ya mapishi ya pwani nayo ina walinzi wake. Wasafiri, waandishi wa majumba ya kifalme na watungaji wa vitabu wametwaa wali, pilau na biriani, wakaviandika na kuvisifu. Wishwa wameuacha. Na wishwa huo, yaani muhogo, mseto, kunde, uji na kisamvu, ndio uliowalisha watu siku baada ya siku.

Ushahidi wa kale kabisa haukuandikwa na mtu. Uliandikwa na moto. Punje zilizoungua jikoni hudumu ardhini kwa karne nyingi, na wachimbaji wa mambo ya kale wamezikuta kisiwani Pemba. Huko Tumbe, mji uliostawi baina ya karne ya 7 na ya 10, nafaka iliyotawala ilikuwa uwele. Huko Chwaka ya Pemba, mji uliofuata kuanzia karne ya 11, mchele ulichukua nafasi ya mbele. Kwa hiyo wali, unaodhaniwa na wengi kuwa ndio chakula cha asili cha Mswahili, ulikuja juu ya mgongo wa uwele. Kabla ya wali wa nazi palikuwapo uji na mkate wa nafaka ndogo, na mkate wa mofa ni mabaki ya zama hizo.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita pwani hii. Mogadishu alikirimiwa kama mgeni mheshimiwa, na maelezo yake ya karamu ile ni ya mtu aliyeshiba: wali uliopikwa kwa samli katika sinia kubwa la mti, vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na kando yake achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Alipofika Mombasa maelezo yake yalikuwa mafupi mno. Watu wa kisiwa kile, alisema, hawalimi nafaka, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Ndizi zile zilipikwaje? Samaki yule alichomwa au aliungwa? Msafiri hakuuliza. Sinia la mkubwa lilimpa kurasa. Chungu cha mnyonge kilimpa sentensi moja.

Maarifa haya, basi, yalihifadhiwa wapi kama si katika karatasi? Kwanza, yalihifadhiwa katika lugha yenyewe. Pwani, jina la chakula ni nusu ya mapishi yake. Mkate wa kumimina unasema kwamba unga wake ni mwepesi wa kumiminwa, wala haukandwi. Samaki wa kupaka anasema kwamba tui lake hupakwa juu yake naye yuko juu ya makaa. Ukisema kitu ni chukuchuku, umesema hakikuungwa; na neno kuunga, ambalo kwa fundi seremala ni kushikamanisha mbao, kwa mpishi ni kuvishikamanisha chakula na tui. Nazi hukunwa kwa mbuzi, huchujwa kwa kifumbu, na tui la kwanza halichanganywi na la pili. Lile jepesi hutangulia chunguni kuivisha, na lile zito hungojea mwisho, likakorogwa bila kuachwa, lisije likakatika. Moto nao una kitenzi chake: kupalia, yaani kuweka makaa juu ya kifuniko ili chakula kiive kutoka pande mbili. Binti aliyeyajua maneno haya alikwisha kupokea sehemu kubwa ya elimu kabla ya kushika mwiko.

Pili, yalihifadhiwa katika mkono. Pishi na kibaba, vibaba vinne kwa pishi moja, vilikuwa vipimo vya dukani na vya zaka. Mpishi alipokwisha kupokea kibaba chake, vipimo vya chumvi, iliki na maji vilikuwa katika kiganja na kidole. Wapenzi wa ushairi watatambua jambo hili. Neno mizani ni la muuza duka na ni la mshairi pia; na kama vile malenga asivyohesabu silabi kwa vidole bali husikia pale ubeti unapochechemea, ndivyo mpishi alivyosikia chungu. Wali uliokauka hubadili sauti. Kitunguu kilichoiva hubadili harufu. Hapakuwa na haja ya kuandika lililosikika kila siku.

Ndiyo maana hata maandishi ya wanawake wenyewe hayasemi kitu. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utenzi wa nasaha mwaka 1858, alimfunza dini, adabu, usafi, mapambo na namna ya kuishi na mume. Hakumfunza kupika. Si kwamba jambo hilo lilikuwa dogo machoni pake. Katika nyumba za wenye cheo, jiko lilikuwa mikononi mwa wajakazi. Na katika nyumba za wasio na cheo, binti alikaa kando ya mafiga tangu utotoni. Kwa wa kwanza mapishi hayakuhitajika kuandikwa, na kwa wa pili hapakuwa na wa kuyaandika.

Wakati huo jiko la pwani lilikuwa limekwisha kupokea mageuzi makubwa bila kuyatangaza. Baada ya Wareno kufika mwaka 1498, mazao ya Marekani yaliingia kidogo kidogo: mahindi, ambayo jina lake lamtaja Mhindi ilhali asili yake ni ng'ambo ya pili ya dunia, pilipili kali, nanasi, na muhogo. Huu wa mwisho haukuwa mgeni mwepesi. Muhogo mchungu una sumu, na usipotayarishwa ipasavyo huua. Mtu wa kwanza pwani aliyejua kuumenya, kuuroweka na kuukausha mpaka ukawa makopa salama hakuacha jina lake, na bila shaka alikuwa na walimu wake. Lakini elimu ile ilipenya vijijini, na baada ya muda mgeni yule alitiwa nazi, kitunguu na pilipili, akaketi kando ya papa mkavu kana kwamba alizaliwa hapa.

Katika karne ya 19 karafuu iliubadili uchumi wa Unguja na Pemba. Mashamba yaliyofaa kwa chakula yakapandwa mikarafuu, na visiwa vilivyoweza kujilimia mpunga vikazoea kula mchele wa meli. Utajiri ule ndio uliolilisha jumba la Seyyid Said. Binti yake, Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 na kuondoka Unguja mwaka 1866, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na humo mna kurasa za vyakula vya jumbani na shughuli za jiko lake. Ni kurasa za thamani kubwa. Lakini zimeandikwa na aliyekula, si na aliyepika. Majina ya wapishi wale, wengi wao watumwa walioletwa kutoka bara, hayamo, na ladha walizokuja nazo ziliingia katika sahani ya Sultani pasipo hati yoyote. Hata Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilitoka Ujerumani mwaka 1903, alijali zaidi mila na sherehe kuliko siri za chungu.

Mapishi yalipoingia darasani, yaliingia kwa mlango wa wageni. Shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927, na upishi ulikuwa miongoni mwa mafunzo yake ya kazi za nyumbani. Nairobi, mwaka 1928, kina mama wa kanisa la walowezi walitoa kitabu cha mapishi kwa ajili ya majumba ya Wazungu. Vipimo, saa na mizani ya chuma vikawa alama ya ustaarabu, na kile kilichopimwa kwa kiganja kikaonekana ni ujinga. Walinzi walikuwa wamebadilika. Mlango ulikuwa ule ule.

Kisha ikaja njaa, na njaa haina adabu mbele ya vyeo vya vyakula. Burma ilipotekwa na Wajapani mwaka 1942, mchele wake ulikatika. Serikali ya kikoloni ya Zanzibar iligawa chakula kwa kufuata makabila: Mwarabu na Mhindi walihesabiwa kuwa ni walaji wa wali, Mwafrika akahesabiwa kuwa ni mlaji wa muhogo na mahindi. Sahani ikawa cheti cha asili ya mtu, na waliopangwa upande wa muhogo walijua kwamba hawakunyimwa wali tu. Miaka thelathini hivi baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika juhudi za serikali ya Mapinduzi za kujitegemea kwa chakula, mchele kutoka nje ulipunguzwa sana, na foleni zikawa sehemu ya maisha ya mji. Safari hii hapakuwa na kabila la kukimbilia. Nyumba zilizokuwa zimesahau muhogo zililazimika kuurudia, na wenye kukumbuka namna ya kuusaga, kuuunga na kuufanya ulike wiki nzima bila kuchosha walikuwa bibi, mayaya na watu wa shamba. Tupa ilikuwa ndani ya wishwa.

Waliohama nao walilijua hilo kwa njia nyingine. Baada ya mwaka 1964, na hasa baada ya mwaka 1970 Sultan Qaboos aliposhika utawala wa Oman, Wazanzibari wengi walihamia Muscat, na wengine walitawanyika Ulaya na Ghuba. Pilau na biriani walizikuta huko huko, zikipikwa na kila taifa. Walichokitamani ni vile visivyouzwa: kisamvu cha nazi, mseto wa choroko, maandazi ya asubuhi, futari ya Ramadhani. Hapo ndipo watu wengi walipotambua kwa mara ya kwanza kwamba hawajui kupika walivyokula maisha yao yote, kwani mama hakuwahi kuwaambia kiasi. Alisema tu, tia mpaka itoshe.

Katika miaka ya karibuni wapishi wengi wa Kiafrika, wa Mombasa na Unguja kama wa Accra na Lagos, wameanza kuyaandika na kuyaonyesha hadharani mapishi ya kila siku, kwa vipimo vya kikombe na kijiko, ili mtu aliye mbali ayafuate katika simu yake. Wako wanaonung'unika kwamba vipimo hivyo vinaua mkono. Malalamiko hayo yana ukweli: hakuna maandishi yanayoweza kufunza sauti ya wali unaokauka. Lakini ushairi nao uliwahi kuishi kinywani, na laiti kina Kijumwa wasingeshika kalamu, Liyongo angekuwa jina tu. Kilichoandikwa hakikuua kilichoimbwa. Kilikipa mahali pa kurejea.

Wasemao mla ni mla leo, mla jana kala nini, husema kweli kuhusu tumbo. Kuhusu historia, swali lile ni la kuulizwa kwa dhati: jana alikula nini, na nani alimpikia? Jibu halimo katika sinia la karamu. Limo katika chungu cha siku isiyo na mgeni, na wenye jibu hilo wanazeeka. Kila anayekufa bila kuulizwa huzikwa na mkate wake, na tupa ikiwa bado imo ndani.