Chai ya alasiri London, na ushahidi wa maneno

Muulize Mkenya wa kawaida ni nani aliyetufunza kunywa chai, naye atakujibu bila kusita kwamba ni Mzungu. Jibu hilo lina ukweli, ila ni ukweli nusu. Nusu ya pili imehifadhiwa katika maneno tunayoyatamka kila siku mezani, na ndiyo ninayonuia kuijadili katika makala haya.

Hivi majuzi nilikuwa jijini London kwa shughuli za kitaaluma. Wenyeji wangu wakanialika kwenye chai ya alasiri katika hoteli moja ya kifahari. Sifichi kwamba niliifurahia. Vitafunio vilikuja juu ya sahani za ngazi tatu. Chini palikuwa na sandwichi ndogo za matango, zisizo na maganda ya mkate. Katikati palikuwa na skonzi, na juu kabisa keki za kila rangi. Chai ilikuwa ndani ya buli la kauri, maziwa kando, sukari kando. Hiyo skonzi nayo ilinichekesha. Kwetu skonzi ni kijimkate laini ambacho mtoto hununuliwa dukani akielekea shule. Kwao ni kitu kizito, hupasuliwa katikati kikapakwa jemu na krimu. Neno ni lile lile, lakini lilipovuka bahari lilibadilisha mwili.

Mwenyeji wangu mmoja akasema kwa fahari kwamba hapo mezani nilikuwa nimeiona Uingereza yenyewe. Nilimsikiliza kwa adabu. Lakini mwanaisimu naye ana tabia zake: hawezi kuketi mezani bila kuyapekua maneno.

Tuanze na jina la kinywaji chenyewe. Asili ya chai ni Uchina, na lugha nyingi za dunia zimelipata jina lake kwa mojawapo ya njia mbili. Njia ya kwanza ni ya matamshi ya "te" yaliyokuwa yakitumika katika bandari za Fujian. Waholanzi waliyachukua huko wakayaeneza Ulaya, na ndiyo yaliyozaa neno la Waingereza. Njia ya pili ni ya "cha", iliyopita nchi kavu hadi Uajemi na kuwa "chai", kisha ikasambaa hadi India, Uturuki na Urusi. Wareno, waliokuwa wakifanya biashara Macau, nao walichukua "cha".

Je, Kiswahili kiko upande gani? Laiti tungeipokea chai kutoka kwa Mwingereza peke yake, leo pengine tungekuwa tunakunywa "tii". Hatusemi hivyo. Tunasema chai, kama Mwajemi, kama Mhindi na kama Mwarabu wa Ghuba. Neno hili lilitufikia kwa Bahari ya Hindi, likipitia mikononi mwa watu tuliokuwa tukifanya biashara nao kwa karne nyingi. Neno birika nalo lina asili ya Kiajemi na lilitufikia kupitia Kiarabu. Sukari vilevile: chimbuko lake ni Kisanskriti, likapita Uajemi na Uarabuni. Jambo la kuvutia ni kwamba neno la Kiingereza la sukari lina chimbuko hilo hilo. Kwa hivyo katika meza ile ya London, majani yalikuwa na jina la Kichina na sukari ilikuwa na jina la Kisanskriti.

Basi Waingereza wenyewe waliipataje? Mnamo Septemba 1660, Samuel Pepys, mtumishi wa serikali jijini London, aliandika katika shajara yake kwamba alikuwa ameagiza kikombe cha kinywaji hicho cha Kichina ambacho hakuwahi kukionja. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1662, Mfalme Charles wa Pili alimwoa Catherine wa Braganza, binti mfalme wa Ureno aliyezoea chai kwao, na unywaji wake ukawa fasheni katika kasri. Hata hivyo, chai ilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida hadi mwaka wa 1784, serikali ilipopunguza ushuru kutoka asilimia 119 hadi asilimia 12.5. Ada ya kuinywa alasiri pamoja na vitafunio ilikuja baadaye sana. Simulizi huinasibisha na Anna, mke wa mtawala wa Bedford, kwenye miaka ya 1840. Wakati huo matajiri walikuwa wamesogeza chajio hadi saa mbili usiku, naye akawa anasumbuliwa na njaa kufikia saa kumi. Hili ndilo la Kiingereza hasa: saa ya kunywa na utaratibu wa meza.

Vilivyowekwa mezani vina historia chungu. Sukari iliyoitia chai yao utamu ilizalishwa na Waafrika waliofanywa watumwa katika visiwa vya Karibi. Wapo Waingereza walioliona hilo mapema. Kuanzia mwaka wa 1791 maelfu ya familia zilisusia sukari ya Karibi, na wanawake, ambao hawakuwa na haki ya kupiga kura, ndio waliokuwa mstari wa mbele, maana wao ndio waliosimamia meza ya chai.

Majani nayo yalilipiwa kwa njia ya aibu. Uchina haikuhitaji bidhaa nyingi za Uingereza. Basi Waingereza wakailimisha India kasumba ili iuzwe Uchina, na fedha zake zinunue chai. Serikali ya Uchina ilipojaribu kukomesha biashara hiyo, kukazuka Vita vya Kasumba, vya 1839 hadi 1842. Hebu tulitazame neno hili. Kasumba katika Kiswahili ni afyuni, ile dawa ya kulevya. Leo aghalabu tunalitumia kwa maana ya fikra potofu zilizopandikizwa akilini, kama tusemapo "kasumba ya kikoloni". Sijui kama kuna neno lingine linaloifungamanisha chai na ukoloni kwa namna hii.

Wakati huo huo Waingereza walitafuta mashamba ya chai yao wenyewe. Chai ya Assam ilianza kupigwa mnada London mwaka wa 1839. Kwetu Kenya mche wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka wa 1903, na kilimo cha kibiashara kikashika kasi Kericho kuanzia miaka ya 1920. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwaondoa Talai kutoka nyanda hizo na kuwahamishia Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Wakulima Waafrika hawakuruhusiwa kupanda chai yao wenyewe hadi miaka ya 1950. Mamlaka ya kustawisha zao hili kwa wakulima wadogo, KTDA, iliundwa mwaka wa 1964.

Sasa turudi kwenye majina. Ingia hotelini Nairobi au Nakuru. Utaulizwa kama unataka chai ya Kiingereza au ya Kiafrika. Ya Kiingereza ni ile ya maziwa kando. Ya Kiafrika ni ile iliyochemshwa pamoja na maziwa, pengine ikatiwa tangawizi. Lakini namna hiyo ya kupika ni ya Wahindi! Hivyo, hata menyu zetu zimekosea mara mbili. Wazungumzaji wa kawaida wamekuwa makini zaidi kuliko waandishi wa menyu. Wana chai ya rangi, wana sturungi, wana mkandaa kule pwani, na kila jina linakwambia unaletewa nini. Hata yule askari anayeomba "chai" barabarani tunamwelewa, ingawa si kinywaji anachotaka.

Kwani majina yana uzito gani? Yana uzito wa fedha. Soko la mnada wa chai la London, lililoanza mwaka wa 1679, lilifungwa mwaka wa 1998. Mnada wetu ulianzishwa Nairobi mwaka wa 1956 na kuhamia Mombasa mwaka wa 1969, na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza nje chai nyeusi. Hata hivyo, sehemu kubwa huuzwa kwa wingi ndani ya magunia, ikachanganywa ng'ambo na kutiwa pakiti yenye jina la wengine. Mkenya aweza kulipa pauni nyingi jijini London anywe "chai ya Kiingereza" iliyochumwa na mamake Kisii au Murang'a.

India iliyaona haya. Jina Darjeeling lilisajiliwa kisheria mwaka wa 2004, ikawa ni marufuku kuliweka kwenye chai isiyotoka huko. Sisi tuna Kericho, tuna Nandi, tuna Nyambene na Kirinyaga. Haya ni majina matamu ambayo mlimaji ameyatolea jasho, lakini mnywaji wa ng'ambo hayajui.

Wasomi wa Kiswahili tuna kazi hapa, wala tusiwaachie wanauchumi peke yao. Tuyaandike majina ya aina za chai, hatua za utayarishaji wake na ladha zake, ili mkulima aweze kuzungumzia zao lake sokoni kwa lugha anayoimudu. Waingereza hawakuwa na jani, hawakuwa na sukari, wala neno lenyewe halikuwa lao. Walichofanya ni kukipa kitu jina na utaratibu, na dunia nzima ikakubali kwamba ni chao. Sisi tunalo jani, na neno tumekuwa nalo kabla ya mche wa kwanza kupandwa Limuru. Kilichobaki ni kuliandika jina letu kwenye pakiti.