Habari za Samadi na Ngitili katika Nchi Yetu

Wanachama wenzetu, Chama chetu Kikuu chatimiza miaka 10, na mengi yatasemwa juu ya marobota na bei. Sisi twapenda kukumbusha habari za samadi.

Desturi ya wazee wa Usukuma ilikuwa hivi: baada ya mavuno ng'ombe walikula mabua, na samadi yao ikarudi shambani. Kwa ajili ya kiangazi ilitengwa ngitili, yaani malisho yasiyoguswa mpaka majani mengine yamekwisha.

Mwendo huo ulikatizwa. Tangu miaka ya 1920 misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Kisha mashamba ya pamba yakaenea, na wengi wakahamia Geita kutafuta ardhi. Watu walipohamishiwa vijijini, mwaka 1974 na 1975, ngitili nyingi zilikosa mtunzaji. Kuni zikawa mbali, na mama zetu wakalazimika kupikia samadi kavu na miti ya pamba. Chakula kiliiva, lakini shamba lilinyimwa haki yake.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, nayo ikaifuata desturi badala ya kuipinga. Dagashida, baraza la mila, ilisimamia sheria, na sungusungu wakalinda. Mwaka ule ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Katika miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta. Penye ngitili kuni zilisogea karibu, na samadi ikaweza kurudi shambani.

Ndugu zetu wa Geita nao wajihadhari mapema, kwani huko, licha ya mashamba, mashimo ya dhahabu hutaka magogo ya kuzuia kuta zisibomoke.

Katika pamba tunayouza, nyuzi ni theluthi moja hivi. Sehemu kubwa ni mbegu. Mbegu hukamuliwa mafuta, na mashudu yake ni chakula bora cha ng'ombe. Mashudu yote yakiuzwa mbali, rutuba yetu nayo imeuzwa. Kwa hiyo twaiomba Halmashauri, katika miaka 10 ijayo, iwatengee wanachama mashudu kwa bei wanayoimudu. Nasi kila mmoja atunze ngitili yake na kurudisha samadi shambani. Hapana budi tusaidiane, maana udongo uliochoka hauna mnada.