Muhogo Kabla ya Mpingo

Kuanzia Lisekese, penye majabali ya Masasi, hata Newala juu ya uwanda wa Wamakonde, muhogo ni chakula cha kila siku. Lakini kwa wachongaji wa nchi ile ulikuwa pia chuo cha kwanza. Mwanagenzi hakukabidhiwa mpingo, mti ukuao polepole mno, ambao ukishapasuka hauungiki. Alipewa kisu na kipande cha muhogo mbichi, akachonga kichwa, pua ikakatika, akachonga kingine, wala hasara haikuwapo wala lawama, maana baada ya siku chache vyote vilisinyaa, kilichopendeza na kilichoharibika. Katika hili naona hekima kubwa, kwa kuwa mtoto hakupata cha kujivunia mno wala cha kumwaibisha. Kilichobaki ni mkono uliozoea.

George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 katika wilaya ya Masasi, alianza vivyo hivyo: muhogo, kisha mti laini, na mwisho mpingo. Katika miaka ya 1970 alijiunga na Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, akageukia rangi, na alipofariki mwaka 2005 kazi zake za mashetani, yenye masikio makubwa na vidole vichache, zilikuwa zimekwisha kuonekana Ulaya na Marekani.

Mpingo wenyewe hauna simile kwa mtu atakaye ukamilifu. Nje ni mweupe, kiini ni cheusi, na ndani aghalabu mna uwazi au ufa ambao fundi haujui mpaka tezo imeufikia. Hapo hana budi kubadili nia, akaacha kile alichokikusudia akafuata kile mti unachokubali. Yasimuliwa kwamba katika miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa alivunjikiwa na kinyago cha mtu, naye badala ya kukitupa akakitengeneza vivyo hivyo kilivyo, kikapokewa na mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam. Na kwa masimulizi hayo, hapo ndipo ulipoanzia mtindo wa shetani, ambao leo wajulikana duniani kote.

Chuo cha namna nyingine, yaani shule, kilikuja Masasi na wamisionari wa UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati), waliofika mwaka 1876, na kheri yake ni kubwa, siikanushi. Lakini pamoja na elimu ulikuja mtihani, na pamoja na mtihani hofu: leo utamwona mtoto akichana ukurasa mzima wa daftari kwa sababu ya herufi moja iliyopinda, na mzazi akimsifu kwa unadhifu. Huo si unadhifu. Ni woga, nao humzuia kujaribu lile asilolijua bado.

Enyi wazazi na walimu wa Lisekese, mihogo ingalipo mashambani. Mpeni mtoto kipande na kisu, mketi naye, na pua ikikatika msimnyang'anye kazi ili kumtengenezea.