Lushoto: Mji wa Milimani na Watu Walioujenga

Historia ya Usharika haiwezi kutenganishwa na historia ya mji unaouzunguka. Waumini wake ni wakulima, wafanyabiashara, walimu, wauguzi na watumishi wa Serikali wa mji huu. Kwa sababu hiyo ni vema, katika kumbukumbu hii ya miaka mia moja, Lushoto yenyewe ielezwe kwa ufupi: ilikotoka, huduma zilizomo, na wajibu ulio mbele yake.

Mahali na chimbuko

Lushoto ipo katika Milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Msafiri huiacha barabara kuu pale Mombo, kisha hupanda kilometa zipatazo 33 za kona na miteremko mikali, akipitia Soni yenye maporomoko ya maji.

Kabla ya ukoloni nchi hii ilikuwa sehemu ya ufalme wa Wasambaa chini ya ukoo wa Wakilindi, ambao makao yao makuu yalikuwa Vuga. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika huko mwaka 1848, akapokelewa na Mfalme Kimweri ye Nyumbai. Wasambaa walikuwa na msemo wa kumpima mtawala. Mfalme aliyeleta mvua na amani alisemwa kuwa anaitengeneza nchi, yaani kuzifya shi. Waliogombea madaraka hata njaa ikaingia walisemwa kuwa wanaiharibu, yaani kubana shi. Baada ya Kimweri kufariki mwaka 1862, vita vya warithi wake viliidhoofisha nchi, na Wajerumani waliikuta katika hali hiyo.

Mwishoni mwa karne ya 19 Serikali ya Kijerumani ilijenga hapa makao ya wilaya, ikayaita Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wake. Hali ya hewa ya baridi iliwavutia maofisa waliochoshwa na joto la pwani. Reli kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, safari ya kupanda milimani ikawa nyepesi. Katika utawala wa Waingereza mji uliitwa Lushoto, na magavana wao waliendelea kuja kupumzika. Hivyo majengo ya kwanza ya mji yalikusudiwa raha ya wageni, lakini mikono iliyochonga mawe na kubeba mizigo ilikuwa ya wenyeji.

Injili na wenyeji

Injili ya Kilutheri ilikuwa imetangulia mji. Mwaka 1891 wamisionari Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walianzisha kituo cha Mlalo. Vuga ilifuata mwaka 1895 na Bumbuli mwaka 1899. Huko Lutindi, makao yaliyofunguliwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani yalianza mwaka 1904 kuwatunza wagonjwa wa akili, watu ambao wengi waliwaogopa na kuwatenga.

Kazi hii ilipimwa kwa moto. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, na wa mwisho waliondoka mwaka 1920. Hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka 1925. Vita vya Pili vilipozuka mwaka 1939, jambo lile lile likajirudia. Walutheri wa Marekani na Sweden walisaidia, lakini ibada za kila Jumapili, mafundisho ya kipaimara na maziko ya wafu vilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wazalendo, wengi wao wakiwa na elimu ndogo na posho isiyotosha. Majina yao ni machache vitabuni, lakini bila wao kusingekuwa na usharika wa kusherehekea leo. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, Usambara iliingia ikiwa na watu waliokwisha kujifunza kusimama wenyewe.

Huduma za jamii

Leo mji una hospitali ya wilaya, soko, stendi ya mabasi, mahakama na shule. Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, huleta wanafunzi kutoka pande zote za nchi. Soko la Lushoto linajulikana kwa kabichi, karoti, viazi, plamsi na pichisi, ambazo husafirishwa hadi Tanga na Dar es Salaam.

Kanisa nalo limechangia. Irente ina shule ya watoto wasioona na makao ya watoto wachanga waliofiwa na mama zao. Bumbuli ina hospitali. Huko Magamba, mwaka 2007 kilifunguliwa chuo kikuu kishiriki kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, aliyeliongoza KKKT tangu mwaka 1976 hadi alipofariki mwaka 1992. Elimu maalumu ilikuwa miongoni mwa masomo yake. Huduma hizi hazikuulizia dini ya mhitaji. Waislamu ni wengi milimani hapa, na familia nyingi zina ndugu wa dini zote mbili wanaozikana na kulishana siku za sikukuu.

Ardhi na wajibu wa kesho

Tatizo kubwa la Lushoto ni ardhi. Watu wameongezeka, mashamba yamegawanywa, na miteremko imemomonyoka. Kuanzia mwaka 1946 Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta. Wananchi, hasa wanawake waliobeba mzigo wa jembe, waliichukia amri hiyo, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Mwaka 1981 ulianza mradi mwingine wa kuhifadhi udongo, uliowahimiza wakulima kupanda miti na kuotesha majani ya guatemala kwa kufuata kontua. Mwaka 2010 msitu wa Magamba ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Chemchemi nyingi zinautegemea msitu huo.

Matuta ya amri yaliachwa pale waliyeyaamuru alipoondoka. Ibada hazikuachwa wamisionari walipoondoka, kwa maana wenyeji walikwisha kuzifanya zao. Hili ni fundisho kwa Usharika unapoingia karne ya pili. Zahanati, shule, kisima au kitalu cha miti kitakachodumu ni kile ambacho watu wa mahali wamekipanga, wamekichangia na wanakilinda. Wazee waliwapima watawala kwa swali moja: je, wanaitengeneza nchi au wanaiharibu? Swali hilo sasa linawaelekea Wakristo wa Lushoto pamoja na jirani zao wote. Mungu awajalie kulijibu kwa matendo.