Usonji Hauishii Utotoni

Mzazi wa kijana mwenye usonji hulala na swali moja na kuamka nalo: siku nikiondoka duniani, nani atakaa naye? Analiuliza mama wa Temeke, analiuliza baba wa Likoni, na waliliuliza pia wazazi wa London miaka sitini iliyopita. Habari za usonji zimezoeleka kusimuliwa kama habari za watoto na madaktari wao. Makala hii inawafuata watoto hao hadi walipoota ndevu na kuvunja ungo: walikaa wapi, walifanya kazi gani, na nani aliwafundisha kupika, kupanda basi na kutunza pesa zao wenyewe.

Mwanzo wake ni hospitalini. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, alitunga jina “autism”, ambalo leo dunia nzima inalitumia, akieleza wagonjwa wa akili waliojifungia ndani ya nafsi zao. Mwaka 1925 Grunya Sukhareva, daktari wa Moscow, aliandika kwa makini habari za wavulana sita ambao leo tungewatambua mara moja. Maandishi yake hayakusikika nje ya duru ndogo ya wataalamu. Aliyesikika ni Leo Kanner wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, aliyechapisha mwaka 1943 habari za watoto 11.

Wa kwanza kati ya hao 11 ni Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Alipokaribia kutimiza miaka minne, wazazi wake walifuata ushauri wa madaktari wakampeleka kwenye taasisi ya kulelea watoto. Mwaka uliofuata wakaenda kumchukua. Baadaye wakamweka kwa mkulima mmoja na mkewe, nje kidogo ya mji. Kanner alikwenda kumtembelea huko mwaka 1945, na alichokiona kinastahili kusomwa na kila mwalimu wa elimu maalumu.

Donald alikuwa na mazoea ya kupima kila kitu. Mkulima akamweka kwenye kazi ya kuchimba kisima na kumtaka alete taarifa ya kina chake. Kijana alikuwa akihesabu mistari ya mahindi tena na tena, basi akapewa plau ahesabu huku akilima. Alikuwa akiokota ndege na wadudu waliokufa, wakamtengea kipande cha ardhi kiwe makaburi yao, naye akaweka alama kwenye kila kaburi. Mkulima yule na mkewe hawakuwa na shahada ya saikolojia. Walimtazama kijana waliyepewa, wakaona anachokipenda, wakakigeuza kazi. Katika shule ya kijijini vituko vyake vilivumiliwa. Mwaka 1958 alihitimu chuo, akafanya kazi katika benki ya mji wake, akacheza gofu, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi peke yake. Alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 89, na mji mzima ulimjua.

Tuseme kweli: ukoo wake ulikuwa na pesa, na benki ile ilikuwa na mkono wa upande wa mama yake. Lakini pesa peke yake haielezi yote. Mwaka 1971 Kanner alirudi kuwatafuta watoto wake 11, wakati huo wakiwa watu wazima. Wanne kati yao waliopitisha sehemu kubwa ya maisha katika taasisi kubwa walikuwa wamefifia mapema baada ya kupelekwa huko, na vipaji alivyoviona utotoni vilikuwa vimekufa. Daktari aliyelitangaza somo hili aliandika mwenyewe kwamba mahali mtu anapoishi, na watu anaoishi nao, vilipitisha hukumu kubwa juu ya maisha yake. Wengi waliomsoma walichukua orodha ya dalili, wakaliacha shamba la mahindi.

Vienna ilikuwa na hadithi yake, nayo ni ya kutisha. Daktari Hans Asperger alichapisha utafiti wake kuhusu watoto wa aina hiyo mwaka 1944, chini ya utawala wa Wanazi. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alionyesha kwa nyaraka kwamba Asperger alishirikiana na utawala huo na kuelekeza baadhi ya watoto kwenye kliniki ya Am Spiegelgrund, mahali ambapo karibu watoto 800 waliangamia. Aliowasifu ni wale walioonekana watafaa siku moja. Nalitaja hili kwa sababu hata leo tunapenda kuwatetea vijana wenye usonji kwa kutaja wale wenye vipaji vya ajabu vya hesabu au muziki. Haki ya kuishi vizuri haitokani na kipaji.

Baada ya vita, Marekani na Ulaya ziliwageukia akina mama. Ilidaiwa kwamba mtoto hujifungia kwa sababu mama yake ni baridi, hana upendo, na Bruno Bettelheim wa Chicago aliisambaza dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1967. Kina mama walibeba lawama hiyo kwa miaka mingi. Huku kwetu lawama ilivaa nguo nyingine. Watafiti waliozungumza na wazazi wa Kilifi na Mombasa, kazi iliyochapishwa mwaka 2015, walisikia habari za mapepo, uchawi na laana pamoja na maelezo ya kitabibu. Mama wa Chicago na mama wa Kilifi waliinamishwa vichwa kwa namna ile ile, na mtu anayeona aibu hamtoi mtoto wake nje, sembuse kumtafutia kazi.

Walioivunja aibu hiyo ni wazazi wenyewe. Mwaka 1962 kundi la wazazi London, akiwemo daktari Lorna Wing aliyekuwa na binti mwenye usonji, liliunda chama ambacho leo ni National Autistic Society. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, aliandika kitabu kilichobomoa dhana ya mama baridi, na mwaka uliofuata akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wazazi wa Marekani.

Hapo London alikuwepo mwalimu aitwaye Sybil Elgar, aliyeanza kufundisha watoto wachache katika chumba cha chini cha nyumba yake. Mwaka 1965 chama kikafungua shule mtaa wa Ealing, naye akawa mwalimu mkuu. Miaka ikapita, wanafunzi wakakua, na wazazi wakamjia na lile swali. Wengi wangelijibu kwa kutikisa kichwa. Yeye alifungua Somerset Court mwaka 1974, makazi ya kwanza Uingereza yaliyoandaliwa kwa watu wazima wenye usonji, wakiwa na bustani, karakana na ratiba ya kazi za kila siku. Mwalimu wa Ohio, Bettye Ruth Kay, alipata msukumo kutoka huko, na mwaka 1983 Bittersweet Farms ilifunguliwa nje ya mji wa Toledo: shamba lenye mifugo na mboga, ambako kila mkazi ana kazi ambayo asipoifanya inaonekana. Mbuzi asipolishwa atalia. Kazi ya kweli ina heshima ambayo mazoezi ya darasani, kama kupanga shanga ili zipanguliwe jioni na kupangwa tena kesho, haiwezi kuitoa.

Mashamba haya yalikuwa mazuri, ila yalikuwa mbali na watu. Hatua kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilichukuliwa North Carolina. Eric Schopler na Robert Reichler walianza miaka ya 1960 kuwafanya wazazi kuwa walimu wenza badala ya washtakiwa, na mwaka 1972 bunge la jimbo likaipa kazi yao sheria na bajeti. Programu hiyo, TEACCH, ilihudumia jimbo zima, na baadaye ikawasimamia watu wazima kazini.

Msingi wake ni rahisi kueleza. Watu wengi wenye usonji huelewa wanachokiona haraka kuliko wanachoambiwa. Kwa hiyo siku nzima huwekwa machoni: picha za shughuli zimepangwa kwa mfuatano ukutani, kazi ziko mkono wa kushoto, zilizokwisha zinawekwa mkono wa kulia. Mtu anajua afanye nini, kiasi gani, lini itakuwa imekwisha, na kitafuata nini. Hofu hupungua, kwa maana hofu nyingi hutokana na kutojua.

Chukua mfano wa kupanda daladala. Kwa kijana ambaye kelele humuumiza masikio, kondakta anayepiga debe, honi, msongamano na muziki ni mateso. Mwalimu anayejua kazi yake hagombani na kijana. Hugawa safari vipande: kutembea hadi kituoni na kurudi, kukaa kituoni magari yakipita, kutambua rangi ya gari na jina la njia, kupanda saa ambayo watu ni wachache, masikio yamezibwa, kushika nauli kamili mkononi. Kadi mfukoni ina picha ya kituo cha kushukia. Mara za mwanzo mwalimu hukaa kiti kimoja naye, kisha kiti cha nyuma, kisha humsubiri kituoni anakoshukia. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua mwaka. Siku kijana anaposhuka peke yake, dunia yake imepanuka kuliko ambavyo cheti chochote kingeipanua. Hizi ndizo stadi za maisha, na zinafundishwa pale zinapotumika: kupika hufundishwa jikoni, kununua hufundishwa dukani kwa pesa halisi.

Sheria zilifuata kwa kusuasua. Marekani ilihakikisha elimu kwa watoto wote wenye ulemavu mwaka 1975, na mwaka 1990 ikautaja usonji kwa jina na kuzitaka shule ziandae mpango wa maisha baada ya shule. Hata hivyo haki ya shule ilikoma kijana alipofika miaka 21 au 22. Utafiti wa Paul Shattuck na wenzake uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya vijana wenye usonji, katika miaka miwili ya kwanza baada ya sekondari, hawakuwa kazini wala masomoni. Uingereza ilipitisha mwaka 2009 sheria mahususi kwa watu wazima wenye usonji, lakini takwimu za serikali za mwaka 2020 zilionyesha kwamba ni asilimia 22 tu waliokuwa na ajira. Njia ya kutoka hapo inajulikana. Project SEARCH, mpango ulioanzia hospitali ya watoto ya Cincinnati mwaka 1996, huhamisha mwaka wa mwisho wa shule na kuupeleka kazini kwenyewe. Katika jaribio la Virginia lililochapishwa mwaka 2014, asilimia 87.5 ya vijana wenye usonji waliopitia mpango huo walipata ajira. Katika kundi la kulinganisha ilikuwa asilimia 6.25.

Jambo moja lilikosekana kwa muda mrefu: sauti ya wenyewe. Miaka ya 1960 kulikuwa na mafunzo yaliyotumia makofi na hata shoti ya umeme ili mtoto afanane na wengine. Mwaka 1993 huko Toronto, Jim Sinclair, mwenye usonji, aliwataka wazazi waache kuwaomboleza watoto wao walio hai. Kutoka kwa watu kama yeye tumejifunza kuuliza programu inamfundisha mtu nini: kupika chakula anachokipenda, au kumtazama mgeni machoni huku akiumia ili mgeni afurahi? Ya kwanza ni stadi. Ya pili ni mzigo.

Afrika haikusahaulika kabisa. Victor Lotter, aliyefanya hesabu ya kwanza ya usonji Uingereza mwaka 1966, alizunguka baadaye nchi sita za bara hili, Kenya ikiwemo, na mwaka 1978 akathibitisha kwamba usonji upo huku pia. Mwaka 2002 Zemi Yenus alifungua kituo cha Joy mjini Addis Ababa baada ya kuona mwanawe hana shule ya kumpokea. Mwaka 2003 wazazi wa Kenya waliunda Autism Society of Kenya, na kitengo kikaanzishwa katika Shule ya Msingi ya City, Nairobi. Dar es Salaam kuna kitengo katika Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, na Moshi kuna kituo cha Gabriella. Walimu wa vitengo hivi wanafanya kazi kubwa kwa vifaa vichache, na nawavulia kofia.

Tazama lakini majina yenyewe: shule ya msingi, kituo cha watoto. Tumerudia hatua ya London ya mwaka 1965, shule ya watoto, bila kufika ile ya 1974, makazi ya watu wazima. Kijana akipita umri wa darasa hurudi nyumbani, na kwa wengi nyumbani maana yake ni uani, nyuma ya geti, na mama aliyeacha kazi ili amlinde. Tanzania na Kenya ziliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 19 inampa kila mwenye ulemavu haki ya kuishi katika jamii. Uani si jamii.

Vyombo vya kuanzia tunavyo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na walau asilimia 3 wenye ulemavu. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, mbili ni za watu wenye ulemavu. Wazazi, undeni vikundi, nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, mwulizeni ni kijana gani mwenye usonji aliyewahi kufikiwa na fungu hilo. Walimu wakuu, mwaka wa mwisho wa kitengo uwe nje ya darasa: sokoni, jikoni, bustanini, stendi. Na wewe mwenye gereji, bekari, saluni au duka la jumla, mpokee kijana mmoja wa mtaani kwako kwa saa mbili kwa siku. Tafuta kazi inayoendana na anachokipenda, mwonyeshe kwa vitendo bila kumharakisha, na akiifanya, mlipe.